Mjomba wa Kivukoni: Uso Majini, Mgongo Juani

Tangu barabara ya kutoka Garsen kwenda Lamu iwekwe lami, hakuna chama, kwaya wala kikundi cha merigoraundi katika Kinakomba ambacho hakijachangisha fedha za kwenda kisiwani. Wanafika Mokowe, wanavuka, wanalala usiku mmoja, na asubuhi wanapakiwa mashuani kwenda kutazama samaki na magofu. Kisha wanarudi nyumbani na kuniandikia mimi. Sijasomea ushauri. Nimesomea mamba, pondo na abiria wasiotaka kulipa nauli. Ila barua zimejaa mezani na nyingine zina mchanga ndani ya bahasha, basi nitazijibu.

Jambo moja kwa wote kabla sijaanza: bebeni vitambulisho. Kwa vizuizi vilivyo njiani, kitambulisho chako kitatazamwa zaidi ya wewe utakavyoitazama bahari.

*

*Shikamoo Mjomba. Kikundi chetu cha akina mama kimeweka akiba mwaka mzima, na sasa tunakwenda Lamu. Siku ya pili tutapelekwa Manda Toto kutazama samaki kwa miwani ya majini. Nimeambiwa nitalala kifudifudi juu ya maji, uso ndani, nivute hewa kwa mrija. Mjomba, mimi nimezaliwa ukingoni mwa Tana. Nilifundishwa kuchota maji kwa kata ya mpini mrefu, nimesimama mbali, macho hayabanduki mtoni. Leo niyape maji uso wangu, na mgongo niuache wazi? — Mama Wanne, Kinakomba*

Marahaba, mwanangu. Hofu yako ni ya mtu mwenye akili timamu, na waliokulea walikulea vizuri. Ila umeichukua kwenye maji ya huku unataka kuipeleka kwenye maji ya kule.

Mto wetu unaficha. Unatoka milima ya Aberdare na Mlima Kenya, unapita mabwawa na mashamba ya watu, na kwa mwendo wa kilomita kama 1,000 unakusanya udongo wa kila mtu mpaka unafika kwetu umekuwa chai ya maziwa. Mamba anaweza kulala mkono mmoja kutoka kwenye ndoo yako usimwone. Hapo kata ya mpini mrefu ndiyo elimu yote unayohitaji.

Sasa matumbawe. Watu hudhani ni mawe, kumbe ni wanyama wadogo wadogo waliojijengea nyumba ya chokaa, na ndani ya miili yao wamefuga mwani unaowalisha. Mwani huo hauna kazi bila mwanga wa jua. Tope likitanda juu yake, mwani hukosa mwanga na tumbawe hukosa chakula. Ndiyo maana Ghuba ya Ungwana, kule Kipini tunakomwaga udongo wetu, hakuna anayekuuzia safari ya miwani. Kule kuna kamba, na kamba wanaupenda udongo huo kwelikweli, waulize wavuvi. Malindi nao wana mto wao Sabaki. Hifadhi yao ya bahari ni ya tangu 1968, sawa na ya Watamu, lakini mvua zikinyesha bara bahari yao hugeuka rangi ya kahawia na wenye mashua hukaa ufukweni wakipiga soga. Kwa hiyo anayetaka kukuonyesha maji ya kioo ni lazima akupeleke mbali na mito: Manda Toto, Watamu, au Kisite kule mbele ya Shimoni. Nikimsikia kijana wa Lamu akijisifu mbele ya wageni kwamba maji yao ni meupe, huwa natamani kumkumbusha kwamba ni meupe kwa sababu udongo wa Tana tunaumwaga kwingine.

Basi ukilaza uso pale Manda Toto, utaona chini mpaka mchangani. Mamba si kwao. Utamwona kitatange na milia yake, utamwona pono akitafuna mwamba kwa meno, na ukitulia utamsikia pia, maana pono hutafuna kwa kelele.

Namna ya kufanya ni hii. Jaketi la kuokolea livae ukiwa bado mashuani, hata kama unaogelea kuliko samaki. Miwani ijaribu kabla ya kushuka: iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua. Ikishika yenyewe bila kuanguka, hiyo ni yako. Ikianguka, omba nyingine, na usikubali kuambiwa kwamba itakaa ikifika majini. Halafu tema mate kwenye kioo upande wa ndani, yapake, yasuuze. Najua umelelewa vizuri na kutema mate mbele za watu ni aibu, lakini usipofanya hivyo kioo kitajaa ukungu na utakuwa umelipa nauli yote hiyo kuja kutazama ukungu. Anza mahali maji yanakufika kifuani, miguu kwenye mchanga, mikono imeshika boya la mwongozaji. Vuta hewa kwa mdomo polepole. Maji yakiingia kwenye mrija, puliza kwa nguvu mara moja. Utashangaa bahari inavyokubeba, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito kuliko ya mto. Anayeelea Tana kwa shida ataelea kule bila kujisumbua.

Mambo mawili nayasema kwa sababu nina dada na nimeyaona. Usishuke na dera. Dera likiingia majini hujaa hewa, hupanda, na humfunika mwenyewe kichwa, kisha mashua nzima inapiga kelele ikidhani unazama kumbe unapambana na kitambaa. Vaa suruali ya kubana na fulana ya mikono mirefu. Fulana hiyo pia itauokoa mgongo, maana jua la saa sita juu ya maji halimbagui mweusi wala mweupe. Na usisimame juu ya matumbawe hata ukichoka. Kwanza unaua kitu kilichochukua miaka mingi kukua, na joto la bahari la mwaka 1998 lilishaua mengi pwani yote ya Kenya. Pili, katikati yake hukaa yule mnyama wa duara mwenye miiba mieusi mirefu, na mwiba wake hukatikia ndani ya mguu.

*

*Mjomba, mume wangu amerudi kutoka Watamu na tangu arudi hatupumui. Anasema ameona taa mkubwa kama mlango wa zizi. Pia anasema miwani ya siku hizi ni mibovu, ilimwingiza maji mpaka akanywa nusu ya bahari. Nimwamini lipi? — Mke wa Shahidi, Hola*

Binti yangu, mpunguzie taa. Kioo bapa kikiwa na maji upande mmoja na hewa upande wa pili hupinda mwanga, na kila kitu huonekana kikubwa kwa theluthi na karibu zaidi kwa robo. Hata mtu mwaminifu akitoka majini hutoka na uongo ambao si wake. Kwa hiyo chukua mlango wa zizi, ondoa sehemu hiyo, halafu ondoa na ile anayoongezea mwenyewe kila mara anapohadithia kibarazani.

Kuhusu miwani, mtazame juu ya mdomo. Kama ana masharubu, miwani haina kosa. Mpira haushiki juu ya nywele, maji hupenya hapohapo. Achague kimoja.

*

*Mjomba, mimi ni mweka hazina wa chama chetu, Garsen. Wakala alituuzia safari ya siku nzima, "kila kitu ndani", na magofu ya Takwa juu yake. Tuliondoka gatini Lamu saa mbili asubuhi, Jumamosi ya mwezi mpevu. Kufika saa nne mashua ikakwama kwenye tope la mikoko, magofu hatuyaoni. Nahodha akajifunika tanga akalala. Tulikaa pale mpaka alasiri tukila maembe yetu wenyewe. Sasa wanachama wananidai mimi. Wakala anasema bahari ni kazi ya Mungu. — Mweka Hazina Aliyechoka*

Mpwa wangu, bahari ni kazi ya Mungu. Ratiba ni kazi ya wakala.

Tuketi hapa kidogo, kwa sababu kosa hili nimeliona kwa watu wetu wengi, na linatokana na kuzoea mto. Tana hupanda msimu wa mvua na hushuka msimu wa kiangazi. Ukitaka kujua hali yake, uliza mvua ya Mlima Kenya. Bahari haina subira hiyo. Kwa siku moja hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu kuna bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Baina yake kuna maji mafu, yanayopanda na kushuka kwa uvivu.

Sasa sikiliza. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni. Na hupwa karibu na saa nne asubuhi. Takwa iko ndani ya kisiwa cha Manda, na mashua huifikia kwa mkono wa bahari unaopenya katikati ya mikoko, mkono ambao una maji pale tu bahari inapojaa. Kwa hiyo wakala alikuuzia tiketi ya kufika mlangoni saa ileile ambayo hakuna mlango. Hakuhitaji darubini kulijua hilo. Angeutazama mwezi tu usiku wa Alhamisi. Mamlaka ya Bandari ya Kenya huchapisha majedwali ya maji kupwa na kujaa, na mzee yeyote aliyekaa gatini Lamu atakwambia bila jedwali.

Nahodha wako alijua tangu mlipoondoka. Ndiyo maana alilala. Katika mashua ile yeye peke yake ndiye aliyefanya jambo la maana.

Mlichokosa si kidogo. Takwa ulikuwa mji wa Waswahili ulioachwa karne ya 17. Msikiti wake bado umesimama na nguzo yake juu ya ukuta wa kibla, na nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la nguzo ambalo watu wa Shela wamekuwa wakilizuru kuombea mvua, kwa kuwa husema wazee wao walitoka pale. Ukitoka magofuni ukatembea kidogo kuelekea upande wa bahari kuu, unapanda mchanga na ghafla kikosi kizima cha mawimbi kiko mbele yako. Kwangu mimi mandhari ile inashinda picha zote za mabango. Lakini hufikiwa na waliokuja na maji.

Wakala akurudishie fedha za Takwa. Kama ujumbe wa M-Pesa unao na maneno yake "kila kitu ndani" unayo kwenye simu, mwonyeshe vyote viwili, mbele ya watu, kwa sauti ya upole. Siku nyingine kabla hujatuma hata shilingi, muulize maji yatajaa saa ngapi siku hiyo. Akijibu bila kufikiri, endelea naye. Akisema "usijali", mshukuru na utafute mwingine. Muulize pia majaketi ni mangapi na abiria ni wangapi, na usiridhike mpaka idadi zilingane. Ukienda Kisite, Watamu au Malindi, uliza kama ada ya hifadhi imo, maana hiyo hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na kwa njia ya eCitizen, na "kila kitu ndani" ya mawakala wengi huishia nje ya lango.

Msimu nao una neno lake. Wakati wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, bahari hutulia na huonekana chini. Kusi likianza kuvuma baada ya mvua za masika, mashua hucheza na tumbo lako hucheza nayo.

Wanachama wanaokudai waambie walikula maembe kivulini kwa saa sita na hakuna aliyelalamika mpaka mlipofika Garsen.

*

*Salaam aleikum. Mimi ni mfugaji, naishi upande wa Garsen. Kijana wangu alinilipia safari ya Lamu nipumzike. Chakula kilikuwa samaki, na mimi sili samaki. Nilibeba maziwa yangu kwenye mashua yakaharibika. Halafu wakanipandisha vilima vya mchanga Shela, wakaniambia, "Mzee, tazama mandhari." Nikatazama. Hakuna majani, hakuna ng'ombe. Vijana wakacheka. Je, mimi ni mshamba? — Mzee wa Ng'ombe*

Waaleikum salaam, mzee mwenzangu. Wewe si mshamba hata kidogo. Mwongozaji wako ndiye aliyelala kazini, na tofauti yake na yule nahodha wa Takwa ni kwamba huyu alilala akiwa amesimama.

Vilima vile ni maji. Mvua inayonyesha Shela huzama mchangani, huchujwa, na hukaa chini kwa sababu maji matamu ni mepesi, yanaelea juu ya yale ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini. Mji wa Lamu umekunywa kutoka visima vya mchanga ule kwa vizazi, na ndiyo sababu kuna ugomvi kila mtu anapotaka kujenga jumba la kifahari juu yake: ukijenga na kuchimba mashimo ya choo pale, unachafua kisima cha mji. Visima hivyo ukivivuta kupita kiasi, chumvi hupanda.

Sasa niambie, kama kijana yule angekwambia kwamba umesimama juu ya kisima kikubwa kuliko vyote ulivyowahi kunywesha ng'ombe, je, ungeteremka upesi? Ungekaa pale mpaka magharibi, ukiuliza kina ni pima ngapi na nani ana zamu. Mwongozaji mzuri humtazama mgeni kwanza, halafu ndipo ayatazame mandhari. Mchoraji huonyeshwa rangi na mfugaji huonyeshwa maji. Hata ngome ya Lamu, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na ikawa gereza mpaka 1984, haina maana ukipandishwa juu ya paa lake na kuambiwa "piga picha" bila kuelezwa waliofungwa chini yako walikuwa wakitazama nini.

Chakula, sema mapema, siku ya kulipa. Wapishi wa Lamu ni watu wa heshima, watakupikia kuku wa nazi bila kununa. Ukingoja mpaka samaki yuko juu ya makaa ufukweni, hakuna duka pale, utakula wali na kachumbari.

Maziwa yako hayakuharibika. Yaliyopigwa na mawimbi kutwa nzima ndani ya mtungi huanza kutoa siagi. Ungeangalia vizuri kabla ya kuyamwaga.

*

*Mjomba, nimeokota kombe kubwa zuri baharini nataka kumpelekea mama mkwe. Mwongozaji akaninyang'anya akalirudisha majini. Alikuwa na haki? — Mkwe Mwema*

Alikuwa nayo. Ndani ya hifadhi za bahari hutoi kitu, hata kombe tupu, maana kaa wa kuhama hupanga humo. Na lile kubwa linalopulizwa kama baragumu, konokono wake ni miongoni mwa wachache wanaomla kiti cha pweza mwenye miiba, yule anayetafuna matumbawe. Ukilipeleka ukumbini kwa mama mkwe, umemnyang'anya mwamba askari wake. Mnunulie halua.

*

*Mjomba, sisi vijana wa Kinakomba tumeona watu wanalipa fedha kwenda Lamu kutazama maji. Sisi maji tunayo. Tunataka kuanzisha safari ya mtumbwi kwenye Tana kwa watalii. Utatubariki? — Vijana Tayari*

Baraka mnazo, lakini mitumbwi iwekeni kando kwanza.

Bidhaa mnayo kuliko mnavyodhani. Hifadhi ya nyani wa Mto Tana, iliyotangazwa 1976, ina kolobasi mwekundu na mangabei wa Tana, na wote wawili hawapatikani popote pengine duniani. Chini kuna delta, iliyoingia kwenye orodha ya ardhioevu za Ramsar mwaka 2012. Na mgeni yeyote Mkenya amesimama wima tangu utotoni kwa wimbo wa taifa ambao sauti yake ilitokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo. Wengi hawajui. Mtu akielezwa hilo na bibi wa kijijini, chini ya mwembe, atalipia kivuli peke yake.

Lakini mto nao una wenyewe. Kiboko hapendi kugongwa, na ikinyesha bara na mabwawa ya juu yakifurika, maji hushuka kwenu siku ambayo hamkuona hata wingu. Mwaka 2023 na 2024 mliona wenyewe barabara zikigeuka mito. Kwa hiyo fuateni mfano wa wanawake wa kisiwa cha Wasini. Wao hawakuanza na mashua. Walijenga njia ya mbao juu ya miamba ya matumbawe ya kale na katikati ya mikoko, wakatoza kiingilio kidogo, na mapato yakawasaidia kulipa karo. Jengeni njia yenu msituni ukingoni, na mahali pa juu pa kutazamia kiboko mchana akiwa amejilaza. Mkishapata mtu anayejua kila ndege kwa jina, na majaketi yanayotosha, na redio ya kupata habari za mabwawa, hapo tuzungumze habari ya mitumbwi.

Na mgeni akisimama ukingoni akalalamika kwamba haoni chochote ndani ya maji, mwambieni ndiyo maana mmemwambia asisogee.